Kifurushi Kilichofunguliwa Getini: Kwa Nini Antivairasi Hugombana na Kivinjari Chako

Asubuhi tovuti ya benki ilifunguka bila shida. Mchana, kwenye kompyuta ileile, Firefox inagoma. Inatoa onyo la hatari, na chini yake mstari wa herufi kubwa: SEC_ERROR_UNKNOWN_ISSUER. Ukijaribu kwa Chrome, ukurasa unafunguka kama kawaida. Hapo ushauri huanza kumiminika. Mmoja anasema benki imedukuliwa. Wa pili anasema kompyuta imeingia virusi. Fundi wa kwanza anakwambia zima antivairasi, na fundi wa pili anataka akuwekee nyingine juu ya hiyo uliyonayo. Mara nyingi wote wanne wamekosa, ingawa fundi wa kwanza alikaribia.

Tuelewane kwanza kwa majina. Kivinjari, au brauza kama wengi wanavyoiita, ni programu unayofungulia tovuti: Chrome, Firefox, Edge, Opera, Safari. Antivairasi ni programu inayokagua mafaili na mawasiliano ya kompyuta ikisaka programu hasidi. Neno virusi limebaki kwa mazoea tu. Wageni wabaya wa siku hizi wengi ni wezi wa nywila, au programu zinazofunga mafaili yako mpaka ulipe fidia.

Halafu kuna ile https mwanzoni mwa anwani. Inakuhakikishia mambo mawili tu. Kwanza, mazungumzo kati ya kivinjari chako na tovuti yamefumbwa kwa hesabu, hivyo anayechungulia njiani haoni kitu cha maana. Pili, tovuti imeonyesha cheti, yaani kitambulisho chenye jina lake, tarehe ya kuanza na ya kuisha, na jina la mamlaka iliyokitoa. Haikuambii kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu. Tapeli naye hupata cheti halali cha tovuti yake ya utapeli, bure, ndani ya dakika chache. Ndiyo maana Google waliiondoa alama ya kufuli kwenye Chrome 117, Septemba 2023: watu walikuwa wakiisoma kama cheti cha tabia njema.

Sasa tuingie kwenye ugomvi wenyewe.

Mlinzi anayefungua vifurushi

Ukituma kifurushi kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, unakizungushia selotepu, kisha unasaini juu ya maungio. Ndugu yako akikipokea huko anaangalia saini. Ikiwa nzima na anaifahamu, hana wasiwasi.

Chukulia ndugu huyo anaishi kwenye nyumba yenye geti, na mlinzi ameagizwa akague kila kinachoingia. Kifurushi kimefungwa, hawezi kuona ndani. Atafanyaje? Anakata selotepu, anapekua, akiridhika anakifunga upya na kutia saini yake mwenyewe juu. Ndugu yako akipokea, haoni saini yako. Anaona ya mlinzi.

Antivairasi nyingi hufanya hivyohivyo. Kwa kuwa sehemu kubwa ya mawasiliano ya tovuti leo imefumbwa, antivairasi inayotaka kuyakagua kabla hayajafika kwenye kivinjari inalazimika kujiweka katikati. Inajifanya kivinjari mbele ya tovuti, kisha inajifanya tovuti mbele ya kivinjari. Ili kivinjari kikubali mchezo huo, siku ya kuisakinisha antivairasi hutengeneza cheti chake kikuu na kukiingiza kwenye orodha ya Windows ya mamlaka zinazoaminika. Kuanzia hapo, kila tovuti unayofungua hupewa cheti kipya kilichotiwa saini na antivairasi palepale ndani ya kompyuta yako.

Hapa ndipo penye jibu la swali linalowasumbua wengi: mbona Chrome inafungua na Firefox inakataa? Chrome na Edge hukubali vyeti vilivyoongezwa na mwenye kompyuta kwenye daftari la Windows. Firefox kwa miaka mingi ilikuwa na daftari lake peke yake, haikuangalia la Windows. Kwa mfano wetu, Chrome ni mpangaji anayeuliza kwa mwenye nyumba kama saini hii ni ya mlinzi wa kweli. Firefox alikuwa mpangaji asiyeamini mtu. Kwa hiyo antivairasi ilibidi ikaandike jina lake kwenye daftari la Firefox pia, na mara nyingi ilishindwa: Firefox imesasishwa, au imesakinishwa baada ya antivairasi, au mtumiaji amefungua wasifu mpya.

Mwishoni mwa Januari 2019 ugomvi huu ulionekana hadharani. Firefox 65 ilipotoka, watumiaji wa antivairasi za Avast na AVG kwenye Windows walijikuta hawawezi kufungua karibu tovuti yoyote ya https. Mozilla, wanaotengeneza Firefox, wakasimamisha kwa muda usambazaji wa toleo hilo, na Avast ikazima ukaguzi wake wa https kwa Firefox. Julai mwaka huohuo Firefox 68 ilikuja na suluhu ya nusu: ikihisi kuna mtu katikati, inaangalia daftari la Windows na kujaribu tena. Tangu Firefox 120, Novemba 2023, inakubali vyeti vya daftari hilo tangu mwanzo. Ndiyo sababu kosa hili sasa huwapata zaidi wenye Firefox ya zamani, au wale ambao mlinzi wao ana tatizo lake mwenyewe: cheti kimefutwa na programu ya kusafisha kompyuta, au antivairasi iliondolewa nusunusu, au huduma yake inachelewa kuamka kompyuta inapowashwa.

Je, kompyuta yako ina mlinzi wa namna hii? Ni rahisi kujua. Kwenye Firefox, bofya kufuli kando ya anwani, kisha mstari unaosema muunganisho ni salama, usome jina lililo mbele ya "Verified by". Kwenye Chrome, bofya alama iliyo kushoto mwa anwani, ingia kwenye maelezo ya muunganisho, fungua cheti, usome sehemu ya "Issued By". Ukikuta majina kama Let's Encrypt, DigiCert, Google Trust Services au Sectigo, hakuna aliyefungua kifurushi. Ukikuta "Avast Web/Mail Shield Root", "ESET SSL Filter CA", "Kaspersky Anti-Virus Personal Root Certificate" au jina lenye Bitdefender ndani yake, umemwona mlinzi. Angalia tovuti tatu nne tofauti, kwa sababu baadhi ya antivairasi huziruka tovuti za benki kwa makusudi.

Mlinzi naye ana makosa yake

Wanaouza antivairasi hueleza ukaguzi huu kama tabaka la ziada la ulinzi. Ungekuwa hivyo kama mlinzi angekuwa na macho makali kuliko mwenye nyumba. Tatizo ni kwamba kivinjari kikishapokea kifurushi chenye saini ya mlinzi, hakina tena njia ya kuichunguza saini ya asili. Inabidi kitegemee kwamba mlinzi aliichunguza vizuri. Na wapo walioshindwa.

Mwaka 2016 Tavis Ormandy, mtafiti wa usalama wa Google, aligundua kwamba Kaspersky ilikuwa ikivitambua vyeti ilivyokwisha kuvitengeneza kwa alama fupi ya biti 32. Alama fupi hivyo hugongana kirahisi, kama kupanga namba za magari zenye tarakimu tatu tu kwa nchi nzima. Mtu mwenye nia mbaya angeweza kutengeneza cheti chenye alama sawa na ya tovuti nyingine kwa sekunde chache, na antivairasi ingevichanganya. Kosa lilirekebishwa mwishoni mwa mwaka huo. Mwaka 2017 watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani, pamoja na wa Google, Mozilla na Cloudflare, walitoa utafiti kuhusu mawasiliano yanayofunguliwa njiani. Walikuta kati ya asilimia 4 na 11 ya miunganisho waliyoipima inafunguliwa, kutegemea walipopimia, na mara nyingi usalama ulishuka baada ya kufunguliwa.

Kisa kibaya zaidi hata hakikuwa cha antivairasi. Kompyuta za Lenovo za matumizi ya nyumbani zilizouzwa mwishoni mwa 2014 na mwanzoni mwa 2015 zilikuja na programu ya matangazo iitwayo Superfish, iliyotumia mbinu hiihii ya kujiweka katikati. Ufunguo wa siri wa kutilia saini ulikuwa mmoja kwa kompyuta zote, na Februari 2015 nywila yake ilivunjwa. Aliyeupata aliweza kujifanya tovuti yoyote mbele ya kompyuta hizo. Lenovo walisema ThinkPad, laptopu zao za kiofisi, hazikuwekewa, jambo la kutuliza moyo, maana ThinkPad ndizo nyingi kwenye maduka ya kompyuta za mtumba, kuanzia Kariakoo ya Dar es Salaam hadi Luthuli Avenue ya Nairobi. Ukinunua Lenovo nyingine ya umri huo ambayo Windows yake haijawahi kuwekwa upya, andika certmgr.msc kwenye kisanduku cha kutafutia, fungua folda ya "Trusted Root Certification Authorities", utafute jina Superfish. Likiwepo, usihangaike kulifuta peke yake. Weka Windows upya.

Uzime nini, uache nini

Msimamo wa makala hii ni huu: kwenye kompyuta ya nyumbani, zima ukaguzi wa https peke yake na uiache antivairasi iendelee na kazi nyingine zote. Fundi wa kwanza alikosea hapo. Kuzima antivairasi nzima kwa sababu ya kosa la cheti ni kumfukuza mlinzi kwa sababu tu anafungua vifurushi.

Kwenye Avast, ingia Menu, Settings, Protection, Core Shields, teremka hadi Web Shield, uondoe tiki kwenye "Enable HTTPS scanning". Kwa AVG tafuta sehemu hiyohiyo ya Web Shield. Kwenye ESET bonyeza F5, kisha tafuta SSL/TLS. Kaspersky inaiweka chini ya mipangilio ya mtandao, na chaguo lenyewe ni "Do not scan encrypted connections". Bitdefender inaiita "Encrypted web scan", ndani ya Online Threat Prevention. Majina ya menyu huhama toleo hadi toleo. Ukipotea, tafuta neno HTTPS, SSL au encrypted kwenye mipangilio. Ukimaliza, funga kivinjari chote, si dirisha moja, kisha kifungue tena na usome jina la mtoa cheti kama ulivyofanya mwanzo.

Unapoteza nini? Kidogo kuliko unavyoambiwa. Kivinjari chenyewe kina orodha ya tovuti hatari: Chrome na Firefox hutumia Safe Browsing ya Google, Edge hutumia SmartScreen ya Microsoft. Na faili ukilipakua, antivairasi bado inalikagua likigusa diski, kwa sababu ukaguzi wa mafaili ni kazi tofauti kabisa na ukaguzi wa https. Unaweza kujithibitishia hilo kwa faili la majaribio la EICAR, maandishi ya baiti 68 yasiyo na madhara yoyote, yaliyobuniwa ili antivairasi zote ziyatambue kama virusi. Zima ukaguzi wa https, pakua faili hilo kutoka tovuti ya EICAR, uone. Antivairasi iliyo hai italikamata likiwa ndio kwanza linatua. Lisipokamatwa, tatizo lako ni kubwa kuliko vyeti.

Kuna hali tatu ambazo hupaswi kufuata ushauri huu peke yako. Kompyuta ya ofisi si yako kuichezea. Huenda ukaguzi umewekwa kwa sera, muulize mtu wa TEHAMA. Udhibiti wa watoto unaochuja kurasa za tovuti hutegemea ukaguzi huohuo, ukiuzima umeuzima na udhibiti. Na ukikuta mlinzi ambaye hukumwajiri, yaani cheti chenye jina la kampuni usiyoijua kabisa, usizime kitu. Kagua kompyuta nzima.

Kwa simu za Android mambo ni tofauti. Tangu Android 7 ya 2016, programu nyingi za simu hazikubali vyeti vilivyoongezwa na mtumiaji, hivyo antivairasi za simu kwa kawaida hazifungui vifurushi. Zinabaki kuangalia majina ya tovuti na programu ulizosakinisha, kazi ambayo sehemu yake kubwa Play Protect, ulinzi wa Google uliomo kwenye simu, huifanya bila kulipiwa.

Jirani anayeingia jikoni

Ugomvi wa pili hauna onyo la cheti. Kivinjari kinajifunga chenyewe, au kila ukurasa unaandika "Aw, Snap!", au kinaanza kunata baada ya kusasishwa.

Kwa miaka mingi antivairasi zilikuwa zikiingiza vipande vya msimbo wake ndani ya kivinjari kikiwa kinafanya kazi, ili zione kila kinachofanyika. Ni kama jirani anayeingia jikoni wakati unapika na kutia mkono kwenye chungu. Nia inaweza kuwa njema, lakini siku ukibadilisha mapishi, mkono wake unamwaga mchuzi. Novemba 2017 Google walieleza kwamba karibu theluthi mbili ya watumiaji wa Chrome kwenye Windows wana programu nyingine zinazoingiliana nayo, na kwamba wale ambao Chrome yao imeingizwa msimbo wa nje walipata ajali za kivinjari kwa asilimia 15 zaidi. Wakapanga kufunga mlango kwa awamu: kwanza kutoa maonyo baada ya ajali, kisha kuanza kuzuia, na mwisho, kwenye Chrome 72 ya Januari 2019, kuondoa ruhusa zilizobaki.

Hata hivyo chungu kilimwagika tena. Oktoba 2019 Chrome 78 ilikuja na kinga mpya ya kuhakiki saini za msimbo unaopakiwa ndani yake. Kompyuta zenye matoleo ya zamani ya antivairasi ya Symantec Endpoint Protection zikawa haziwezi kufungua ukurasa wowote, hata ukurasa wa mipangilio. Aliyelaumiwa na wengi alikuwa Chrome, kwa sababu ndiye aliyesasishwa jana. Dawa ilikuwa kusasisha antivairasi.

Hapo pana funzo la kiufundi. Vivinjari vingi hutoa toleo kubwa kila baada ya wiki chache. Antivairasi iliyofungwa isijisasishe ili kuokoa bando inabaki inaongea na kivinjari cha mwaka juzi. Ukitaka kubana matumizi ya data, ahirisha masasisho yote mawili hadi upate Wi-Fi, usiache moja likimbie na jingine lilale. Na kumbuka kwamba antivairasi ina masasisho ya aina mbili: orodha ya virusi, inayobadilika kila siku, na programu yenyewe. Wengi husasisha orodha tu na kudhani wamemaliza.

Ukitaka kuona nani yumo jikoni mwako, kwenye Firefox andika about:third-party sehemu ya anwani. Kwenye Chrome ya Windows andika chrome://conflicts. Zote mbili huorodhesha vipande vya nje vilivyopakiwa. Majina mengine ni ya kawaida, kama vile ya kadi ya picha au kibodi, kwa hiyo usianze kuzuia kila usichokijua.

Wapo wanaodhani ugomvi huu ni wa antivairasi za kununua tu. Defender ya Microsoft yenyewe, iliyomo ndani ya Windows, ililalamikiwa tangu 2018 kwamba mchakato wake uitwao MsMpEng.exe unakula nguvu nyingi za prosesa kila Firefox ikitumika. Sababu ilipatikana baada ya miaka mitano: Defender ilikuwa ikifanya kazi nzito mno kila Firefox ilipobadilisha ruhusa za kumbukumbu, jambo ambalo Firefox hulifanya mara nyingi. Marekebisho ya 2023 yalipunguza mzigo huo kwa takribani asilimia 75.

Viendelezi, na maonyo yasiyo ya antivairasi

Antivairasi nyingi zikisakinishwa hujaribu pia kuweka kiendelezi kwenye kivinjari, kile kinachochora tiki za kijani kando ya matokeo ya utafutaji. Hiki hakihusiani na ukaguzi wa mafaili. Ukikiondoa, antivairasi inabaki kamili. Tena kiondoe bila kusita, kwa sababu kiendelezi cha namna hiyo huona kila ukurasa unaofungua. Kampuni tanzu ya Avast iitwayo Jumpshot iliuza taarifa za tovuti zilizotembelewa na watumiaji wa Avast hadi ilipofungwa Januari 2020, na mwaka 2024 mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, iliitoza Avast dola milioni 16.5 kwa sababu hiyo.

Kisha lipo lile onyo linaloruka kwenye kona ya skrini: "Kompyuta yako ina virusi 5! Lipia sasa!", likiwa na nembo ya antivairasi maarufu ambayo hata hukuwahi kuisakinisha. Hiyo mara nyingi si antivairasi wala virusi. Ni arifa ya tovuti. Siku moja ulibofya "Allow" kwenye ukurasa wa filamu za bure au wa matokeo ya mpira, na tangu hapo tovuti hiyo ina ruhusa ya kukutumia chochote. Kwenye Chrome ingia Settings, Privacy and security, Site settings, Notifications, uondoe majina yote usiyoyatambua. Dakika mbili, bila fundi.

Walinzi wawili geti moja

Ushauri wa fundi wa pili, kuongeza antivairasi juu ya antivairasi, ndio unaozaa kesi ngumu zaidi. Kila antivairasi hujiweka kwenye njia ambayo mafaili yote hupitia. Zikiwa mbili, faili moja linafunguliwa na ya kwanza, ya pili inaona limefunguliwa na kutaka kulikagua, ya kwanza inaona tena kitendo hicho. Kompyuta inanata, upakuaji unafika asilimia 100 na kubaki hapo, kisha moja inaitangaza karantini ya mwenzake, yaani mahali inapofungia mafaili iliyoyakamata, kuwa ghala la virusi. Ambalo kwa kweli ndivyo lilivyo!

Windows inalijua hili. Ukisakinisha antivairasi nyingine inayojisajili kwake, Defender hujiweka pembeni. Fungua Windows Security, sehemu ya "Virus & threat protection", uone ni nani yuko zamu kwa sasa. Ukiona majina mawili, au jina la programu uliyodhani umeiondoa mwaka jana, umepata chanzo.

Kuondoa nako kuna namna yake. Antivairasi hupanda mizizi ndani kabisa ya mfumo, na njia ya kawaida ya kuondoa programu huacha visiki. Dalili zake ni hizi: intaneti inapatikana kwa simu lakini kivinjari kinasema ERR_PROXY_CONNECTION_FAILED, au Chrome inakataa kila upakuaji kwa kusema ukaguzi wa virusi umeshindikana. Kampuni kubwa zote hutoa zana maalumu ya kung'oa: Avast Clear, kavremover ya Kaspersky, MCPR ya McAfee, na ESET wana yao. Ipakue kutoka tovuti ya kampuni yenyewe na uitumie kabla ya kuweka antivairasi mpya; ya Avast na ya ESET hufanya kazi vizuri zaidi Windows ikiwa imewashwa katika hali salama (Safe Mode). Kama umebakiwa na kosa la proksi, ingia Settings, Network & internet, Proxy, uzime "Use a proxy server". Ikishindikana, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika netsh winsock reset, uzime na kuwasha kompyuta.

Antivairasi zilizovunjwa ufunguo, zile za kuuziwa kwenye flashi kwa bei ya chai, nimeziacha nje ya hesabu. Hatua ya kwanza ya kuzisakinisha ni kuzima ulinzi uliopo.

Lawama isiyo yake

Kabla hujaigusa antivairasi, angalia saa ya kompyuta. Cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayodhani leo ni 1 Januari 2015 itakikataa karibu kila cheti kilichopo, na kosa litasomeka NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Kama saa inarudi nyuma kila umeme ukikatika, betri ndogo ya ubao mkuu imekufa. Kwenye kompyuta nyingi za mezani ni CR2032 ya volti 3, sarafu ya kipenyo cha milimita 20 inayouzwa hata na mafundi saa. Zima, chomoa waya wa umeme, sukuma kibanio, weka mpya upande wa jumlisha ukitazama juu. Laptopu nyingi zina betri ya namna hiyo iliyofungwa kwa waya mfupi, na hiyo mwachie fundi.

Angalia pia eneo la saa. Kompyuta ya mtumba huja na saa za Dubai au Marekani, mtu akasogeza mishale tu hadi ifanane na ya hapa. Macho yanaona sawa, lakini saa ya dunia iliyo ndani imekosewa kwa masaa kadhaa, na kompyuta inaweza kukikataa cheti kilichotolewa leo. Kwa Kenya, Tanzania na Uganda chagua UTC+03:00 Nairobi, na kwa Rwanda na Burundi UTC+02:00, kisha uiruhusu Windows ijipange yenyewe.

Umri wa Windows nao hudanganya. Chrome 109 ya Januari 2023 ndiyo ya mwisho kwa Windows 7 na 8.1, na Firefox ilibakisha tawi la 115 kwa ajili yao. Hakuna antivairasi itakayokifanya kivinjari hicho kielewe tovuti zilizoandikwa kwa vivinjari vya leo, wala kuziba matundu yake. Na kama viendelezi vya Firefox vilizimika vyote kwa pamoja kuanzia 14 Machi 2025, sababu ilikuwa cheti kikuu cha Mozilla kilichoisha muda siku hiyo kwenye matoleo ya kabla ya 128, au kabla ya 115.13 kwa tawi lile la zamani. Sasisha tu.

Basi onyo likitokea, nenda kwa mpangilio huu: saa, kivinjari kingine, jina la mtoa cheti, halafu ukaguzi wa https. Baada ya hapo fungua tovuti hiyohiyo kwa simu, Wi-Fi ikiwa imezimwa, kwa bando lako. Ikifunguka kwenye simu, tatizo liko kwenye kompyuta au kwenye Wi-Fi. Za hotelini na za viwanja vya ndege hutoa maonyo ya cheti mpaka ukurasa wao wa kuingilia ufunguke. Isipofunguka hata kwenye simu, na onyo ni lilelile, antivairasi haina kosa. Usibofye kile kiungo cha kuendelea hivyohivyo. Funga ukurasa, upige benki kwa namba iliyochapishwa nyuma ya kadi yako.